Ukitumwa Mafunzo, Utarudi na Nini?

(Maneno yaliyosemwa kwa wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, mwisho wa mafunzo ya kuhifadhi mahindi)



Wenzenu nyumbani wamechanga nauli mkaja hapa. Wao hawakusikia, ninyi ndio masikio yao. Kwa hivyo leo sitarudia habari ya mahindi. Nataka tuseme vile mtayafikisha mafunzo haya kwa kikundi yakiwa mazima.

Jambo hili si mchezo. Mwaka wa 2004, sehemu za Mashariki, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu, ile aflatoksini. Kati yao 125 walikufa. Mengi ya mahindi hayo yalitoka katika mashamba yao wenyewe, yakawekwa yakiwa bado na unyevu. Basi wewe ukieleza vibaya, anayeumia si wewe peke yako.

1. Chagua jambo moja

Daftari lako limejaa. Usilisome lote! Jiulize: watu wakitoka kwa mkutano, nataka wafanye nini? Jibu liwe moja, tena la kutendeka. Kwa mfano: "Hakuna mtu wa kikundi chetu atakayetia mahindi kwenye gunia kabla ya kuyapima." Mambo ya dawa, ghala na bei yangoje mkutano mwingine.

2. Anza na wanayoyajua

Katika kikundi kuna mama mzee aliyekausha mahindi kabla wewe hujazaliwa. Yeye huuma punje kwa meno akajua. Usimpite kana kwamba hajui kitu. Muulize mbele ya wote: "Mama, wewe hujuaje kwamba yamekauka?" Akishajibu, mshukuru, halafu sema, "Sasa tuone njia nyingine ya kusaidia meno." Hapo watu wote watakuwa upande wako.

3. Onyesha, usiseme tu

Unaweza kuwaambia kwamba mahindi ya kuweka yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Ni kweli, lakini nani ana mashine ya kupima? Chukua chupa safi ya kioo, iliyokauka kabisa, yenye kifuniko. Tia mahindi mpaka kama theluthi moja. Ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu. Funga, tikisa kwa dakika mbili au tatu, kisha uiache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana maji bado. Yarudi juani, juu ya turubai, si juu ya udongo. Isipoganda, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi. Waambie waongeze siku moja ya jua ndipo waweke.

Beba chupa mbili: moja ya mahindi makavu, nyingine ya mahindi mabichi kidogo. Macho yataona tofauti, wala hutahitaji maneno mengi.

4. Wape wafanye wenyewe

Ukimaliza kuonyesha, toa chupa mkononi mwako. Mmoja atie, mwingine atikise, mwingine aseme ameona nini. Aliyeshika chupa mwenyewe hasahau upesi. Wahenga walisema, elimu bila amali ni kama nta bila asali.

5. Jipange mapema

Jaribu somo lako nyumbani mbele ya mtoto wa shule. Yeye akiweza kulirudia, kikundi pia kitaweza. Lisizidi nusu saa. Omba mwenyekiti akupe nafasi kabla ya pesa za mzunguko kutolewa, maana mnajua wenyewe: pesa zikishahesabiwa, watu wanaanza kutafuta viatu!

6. Usiulize "Mmeelewa?"

Wote watajibu "Ndiyo!", hata yule aliyekuwa akisinzia. Uliza hivi: "Baba, ukifika nyumbani leo utaanza na nini?" Akikosea, rudia pole pole bila kumwaibisha.

Jitayarishe pia kwa maswali. Lazima mtu atauliza, "Na yale yenye kuvu, nikiyapika sana je?" Jibu ni kwamba moto wa jikoni hauondoi sumu hiyo. Yasiliwe, wala asipewe ng'ombe au kuku. Swali usilolijua, sema wazi, "Hilo sijui, nitamuuliza afisa wa kilimo." Kwa habari ya sumu, usibahatishe hata kidogo.

Neno la mwisho. Makofi si kipimo cha somo. Ngoja wiki mbili baada ya mavuno, kisha upite kwa wenzako nyumba kwa nyumba. Ukikuta chupa na chumvi karibu na turubai, hapo ujue ulifundisha. Usipozikuta, usikasirike, panga somo tena.



Ya kujadili katika kikundi

- Mjumbe wetu wa mwisho alipotoka mafunzo, alituletea nini? Tunakifanya mpaka leo?
- Ni nani kati yetu anajua jambo ambalo hatujawahi kumwomba atufundishe?
- Tutapima mahindi ya msimu huu siku gani, na nani ataleta chupa?