Fungu la Mwenye Kuuguza

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad (S.A.W.), yafaa jamaa ya Waislamu ikumbushwe jambo ambalo aghalabu husahauliwa, nalo ni haki ya mwenye kuuguza.

Katika mwaka wa 2 Hijria, Waislamu walipotoka Madina kwenda Badri, Bibi Ruqayya, binti wa Mtume (S.A.W.), alikuwa mgonjwa sana. Mumewe, Sayyidna Uthman bin Affan, aliamriwa abaki amuuguze. Habari ya ushindi ilipofika Madina, watu walikuwa katika kumzika. Hata hivyo, ngawira ilipogawanywa, Uthman alipewa fungu lake sawasawa na waliopigana, na thawabu vilevile. Kukaa kando ya mgonjwa kulihesabiwa kazi ya umma mzima, na umma ukailipia.

Basi na wauguzaji wa leo watazamwe. Katika hospitali nyingi za Uganda, mgonjwa huja pamoja na jamaa yake. Huyo ndiye ampikiaye, amfuliaye na kumgeuza kitandani, na usiku hulala sakafuni juu ya mkeka. Mgonjwa akirudishwa nyumbani, kazi hiyo humfuata. Mara nyingi humwangukia mke au binti mmoja tu. Biashara yake hufungwa na shamba lake huota magugu. Wageni huja, humjulia mgonjwa hali, humwombea dua, kisha huondoka. Yule aliyekesha haulizwi hata kama amekula.

Msikiti waweza kufika katika nyumba hizo. Mwaka 1992 Chama cha Kiislamu cha Tiba cha Uganda kilianza kuwafunza maimamu wa wilaya ya Mpigi pamoja na wasaidizi wao, nao wakaenda nyumba kwa nyumba kufundisha watu juu ya UKIMWI. Njia hiyo hiyo yafaa ipitwe tena.

Kila msikiti na uandike majina ya wanaouguza katika mtaa wake. Kuwe na zamu, ili mtu aketi na mgonjwa na mwenyewe apate usingizi. Sadaka ya Ijumaa itengewe fungu lao, na aliye fukara kati yao asisahauliwe katika zaka.

Mkono mmoja haulei mwana, wala hauuguzi mgonjwa. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa, na awape nguvu wenye kuwauguza. Amin.