Wimbo wa Mkono na Wimbo wa Chapa

Leo tutasoma nyimbo zilizoandikwa. Ninyi mnajua ugomvi wa kwaya: huyu ameshika kitabu cha chapa, yule ameshika daftari la mwalimu wa zamani, na nota hazilingani. Nani afuatwe?

Tuanze na nota zenyewe. Kwaya nyingi huandika kwa herufi: d, r, m, f, s, l, t. Nukta mbili hutenga mapigo. Kistari maana yake sauti iendelee. Mahali patupu maana yake nyamaza. Basi mnakili akisahau kistari kimoja tu, wanakwaya watanyamaza pale ambapo mtungaji alitaka waimbe. Na kila atakayenakili kutoka kwake atalirithi kosa lile.

Je, chapa ndiyo ya kuaminiwa? Si kila mara. Mwaka 1819 sonata moja kubwa ya piano ya Beethoven ilikuwa ikitayarishwa kupigwa chapa Vienna na London. Tarehe 16 Aprili Beethoven alimwandikia Ries, mwanafunzi wake wa zamani aliyekaa London, aongeze nota mbili mwanzoni mwa sehemu ya polepole. Nakala iliyotangulia kufika London haikuwa nazo! Hati aliyoiandika Beethoven kwa mkono wake imepotea, kwa hiyo wataalamu hulinganisha chapa hizo mbili, kisha husoma na barua.

Lakini mfano unaotuhusu zaidi uko vinywani mwetu. Sauti ya "Mungu Ibariki Afrika" ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg. Aliandika kwa herufi hizi hizi za kwaya. Alikufa mwaka 1905. Watu waliazima daftari lake, wakanakili nyimbo, na mwishowe daftari likapotea. Wimbo wa taifa letu tangu mwaka 1961, na karatasi ya mwenyewe haipo!

Tumebaki na mashahidi wengine. Mwaka 1923 Sol Plaatje aliuimba London, ukatiwa katika santuri, naye Sylvia Colenso akampigia piano. Mwaka 1927 chapa ya Lovedale iliutoa pamoja na beti 7 alizoongeza mshairi Mqhayi. Anayesoma beti zote 8 bila kuuliza zilikotoka, atadhani ni kazi ya mtu mmoja. Santuri imeitangulia chapa hiyo kwa miaka minne, nami naona ni shahidi mzuri. Ila mwimbaji naye ana pumzi zake na mapenzi yake.

Kwa hiyo msiulize tu karatasi ipi ni kuukuu, wala ipi ina herufi nzuri. Ulizeni: huyu alinakili kutoka wapi? Madaftari mawili yenye kosa lile lile mahali pale pale huenda yana mzazi mmoja, hivyo msiyahesabu kuwa mashahidi wawili.

Kazi ya wiki hii. Tafuteni daftari la zamani la kwaya kabla mchwa na unyevu wa ziwa hawajalimaliza. Chagueni wimbo mmoja uliomo pia katika kitabu cha chapa. Mmoja asome herufi polepole, mwenzake afuate kwa kidole. Kila panapotofautiana wekeni alama kwenye karatasi ya pembeni. Katika daftari lenyewe msiandike kitu, wala msifute.