Dawa Iliyomaliza Usubi, na Hatari Zake
(Mazungumzo kwa watu wa Ndhiwa)



Zamani watu wengi waliokaa kando ya mito ya Nyanza Kusini, kama Kuja na Riana, walipofuka macho wangali na nguvu za kulima. Sababu yake ilikuwa usubi, mdudu mdogo aumaye mchana. Akiuma, hutia mwilini minyoo midogo sana, na watoto wa minyoo hiyo hutembea chini ya ngozi mpaka machoni.

Mwaka 1946 mabwana Garnham na McMahon walijaribu dawa ya D.D.T. katika mto wa Kodera, karibu na Oyugis. Waliitia majini kwa kipimo, ili iue mabuu ya usubi. Usubi wa Kodera ukaisha. Mwaka 1950 ikajulikana kwamba mabuu hayo hujishika juu ya kaa wa mtoni. Ndiyo sababu yalikuwa magumu kuonekana. Baadaye kazi hiyo ikafanywa katika mito mingine ya Nyanza, na usubi ule ukatoweka. Faida hiyo ni kubwa.

Lakini D.D.T. hutengenezwa kwa klorini, nayo haiozi upesi. Hukaa udongoni miaka mingi. Hukaa katika mafuta ya samaki, ya ndege na ya watu, na hupita katika maziwa ya mama. Mtu akiimeza nyingi hutetemeka na kushikwa na degedege. Mwaka 2015 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliitia katika hesabu ya vitu ambavyo yamkini huleta saratani. Kenya ilikataza kuitumia mashambani mwaka 1986, na Mapatano ya Stockholm ya mwaka 2001 yaliiruhusu kwa wadudu waenezao maradhi tu, hasa mbu wa malaria.

Basi yafaa kila mtu afahamu hivi. Mabwana wale walitumia kipimo. Amwagaye dawa ya shamba mtoni ili apate samaki hapimi kitu, na auzaye samaki hao auza sumu. Pampu ya kunyunyizia isioshwe mtoni. Debe la dawa lisitiwe maji ya kunywa wala mafuta ya kupikia, hata likioshwa mara saba. Na dawa yenyewe ifungiwe mbali na watoto.

Maji ya Kuja hushuka mpaka Ziwani. Atiaye sumu huku juu humnywesha jirani yake wa chini.