Tairi la Masika na Kiangazi: Kuchagua Matairi ya Baiskeli kwa Njia za Matope

Haya ni maelezo yaliyotolewa kwa wakazi katika mkutano wa kata kuhusu usafiri wa baiskeli wakati wa mvua.



Mkoa wa Tabora hupata msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Miezi inayobaki ni ya jua na vumbi. Kwa hiyo baiskeli ya nyumbani huishi maisha mawili ndani ya mwaka mmoja. Nusu ya mwaka hupita kwenye ardhi ngumu, kwenye kichanga kinachomeza gurudumu na kwenye miba. Nusu nyingine hupita kwenye maji, utelezi na udongo unaonata. Katika nchi zenye uwezo, mpenda baiskeli huweka jozi mbili za matairi na kuzibadilisha kadiri msimu unavyobadilika. Mkazi wa kijijini hununua tairi moja, siku ile lililopo linapopasuka, na hilo ndilo litakalomvusha hadi mwaka ujao. Basi swali linalofaa kuulizwa dukani si tairi lipi linashinda yote kwenye matope. Swali ni tairi lipi litamvusha mtu matope bila kumtesa katika miezi sita ya ukavu.

Swali hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii huzifikia kaya kwa baiskeli. Mwanafunzi wa sekondari huvuka mbuga alfajiri ili awahi namba. Muuza maziwa akichelewa njiani, maziwa huganda na hasara ni yake. Na pale mbuga inapojaa, gari likashindwa kupita, mjamzito au mgonjwa hubebwa kwenye keria hadi mahali gari linapoweza kumpokea. Gurudumu la mbele likiteleza wakati huo, wanaoanguka ni wawili.

Udongo ndio uangaliwe kwanza, kwa kuwa ndio unaoamua. Anayetoka kijiji kilicho mwinuko hadi bondeni hukutana na aina mbili zisizofanana hata kidogo. Juu, penye miombo, udongo una mchanga mwingi: mvua ikinyesha hunywa maji upesi na kushikana, na njia huwa nzuri kuliko ilivyokuwa kiangazi. Chini, kwenye mbuga penye majaruba ya mpunga, kuna mfinyanzi mweusi unaopasuka nyufa kiangazi na kuvimba ukipata maji. Matope ya juu hutelezesha tu. Matope ya mbugani huganda kwenye tairi, tabaka juu ya tabaka, hadi gurudumu likagoma kuzunguka.

Tairi hushika matope kwa meno yake, yale ambayo mafundi huyaita kashata. Meno mafupi yaliyobanana hukimbia vizuri kwenye njia kavu na hayachoki upesi, lakini udongo mbichi ukishajaa katikati yake tairi hugeuka kipara, hata kama limenunuliwa jana. Meno marefu yaliyoachana huzama kwenye tope na kushika, kisha gurudumu linapozunguka udongo hurushwa nje kupitia zile nafasi. Gharama yake huonekana kiangazi: kwenye lami na changarawe ngumu tairi hilo huvuma na kuwa zito kukanyaga, na meno yake ya katikati huliwa mapema. Wapo wauzaji wanaosifia tairi lenye meno makubwa kupita yote kana kwamba ukali wa sura ndio ubora. Kwa mtu anayepita mbuga mara moja kwa juma, na siku nyingine zote yuko kwenye barabara ya changarawe, tairi hilo ni mzigo aliojinunulia.

Kinachofaa mwaka mzima ni tairi la katikati: meno ya kati yawe ya urefu wa wastani na yaliyokaribiana kiasi, ya pembeni yawe marefu na yenye nafasi kati yake. Baiskeli ikienda wima kwenye njia kavu hutembelea meno ya kati. Ikiinama kwenye kona, au ikizama kwenye tope, meno ya pembeni huingia kazini.

Upana nao una hesabu yake, na hapa wengi hudhani kwamba tairi pana ndilo la matope. Kwenye kichanga kikavu ni kweli, kwa sababu tairi pana huelea juu badala ya kuzama. Kwenye matope mepesi yenye ardhi ngumu chini yake, tairi jembamba hukata tope na kufikia ardhi inayoshika. Zaidi ya hayo, tairi jembamba huacha nafasi kubwa ya kupitisha udongo kati yake na fremu. Kwa njia zenye kichanga juu na mfinyanzi chini, upana wa inchi 1.95, yaani takriban milimita 50, ni mapatano mazuri kwa baiskeli ya gia. Inchi 2.1 inafaa iwapo fremu ina nafasi ya kutosha. Tairi la inchi 2.35 kwenye fremu nyembamba litajifunga kwa udongo hatua chache baada ya kuingia mbugani.

Nafasi hiyo hupimwa kwa kidole. Tairi likiwa limejazwa upepo, kidole kipitishwe kati ya tairi na foko, kati ya tairi na breki, na kati ya tairi na mabomba mawili ya fremu yanayolikumbatia gurudumu la nyuma. Kisipopita, matope hayatapita. Baiskeli za kawaida za gurudumu kubwa zina tatizo jingine, nalo ni madigadi. Udongo wa mbugani hujaa chini ya madigadi na kulikaba gurudumu, ndiyo maana wazee wengi huyafungua mvua zinapoanza na kuyarudisha zinapokwisha. Wana haki. Nguo zitachafuka, lakini safari itafika.

Ikiwa fedha inatosha tairi moja tu, lifungwe mbele. Jambo hili hupingwa mara nyingi, kwa sababu tairi la nyuma ndilo linaloisha upesi: hubeba sehemu kubwa ya uzito, hasa penye gunia au abiria kwenye keria, na ndilo linalosukuma. Lakini la nyuma likiteleza, baiskeli huyumba na mara nyingi mpandaji huiwahi kwa mguu. La mbele likiteleza, usukani hauna tena kazi na mtu huwa chini kabla hajajua kilichotokea. Utaratibu ulio salama ni kwamba tairi la nyuma likiisha, la mbele lihamishiwe nyuma na jipya lifungwe mbele. Aliye na uwezo wa kununua mawili kwa pamoja anaweza kuchagua la mbele lenye meno marefu yaliyoachana, na la nyuma lenye meno ya kati mafupi kidogo, ili kiangazi asichoke kukanyaga.

Sasa hasara inayojirudia dukani: mtu anaomba tairi la inchi 26, anapewa tairi la inchi 26, anafika nyumbani haliingii. Hakuna aliyedanganya. Vipimo vya inchi vilitungwa na watengenezaji mbalimbali katika nyakati mbalimbali, na namba moja hubeba ukubwa zaidi ya mmoja. Baiskeli za mlimani zilianzia Kalifornia, Marekani, katika miaka ya 1970, pale vijana wa Marin County walipochukua baiskeli kuukuu za matairi manene ya inchi 26 na kuteremka nazo Mlima Tamalpais. Kipimo chao ndicho kilichoenea duniani na ndicho kinachoandikwa kwa nukta, kama 26 x 1.95. Baiskeli nyingine, zenye asili ya Uingereza, huandikwa kwa sehemu, 26 x 1 3/8. Rimu ya aina ya kwanza ina kipenyo cha milimita 559 pale tairi linapokaa. Ya pili ina milimita 590. Tofauti ni milimita 31, na hakuna nguvu ya fundi itakayoiondoa.

Tiba yake imeandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe. Pembeni mwa namba za inchi kuna namba nyingine mbili zenye kistari kati yake, kwa mfano 50-559. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha rimu. Namba ya pili ndiyo isiyosamehe: lazima ifanane na ile ya tairi la zamani. Ya kwanza yaweza kuzidi au kupungua kidogo, kadiri fremu na rimu zinavyoruhusu. Baiskeli kubwa ya kawaida yenye tairi la 28 x 1 1/2 ina 635. Za gia zinazoitwa 27.5 zina 584. Zinazoitwa 29 zina 622. Namba hizo ni ndogo na hufunikwa na vumbi, na mtaka cha mvunguni sharti ainame; ziandikwe kwenye karatasi, au tairi la zamani libebwe hadi dukani.

Ubavuni hapo hapo kuna mshale kwenye matairi mengi, unaoonyesha upande ambao gurudumu linapaswa kuzungukia. Ufuatwe. Kuna pia kiwango cha upepo, chini na juu, kwa kipimo cha psi. Tairi la inchi 1.95 mara nyingi huandikwa 35 hadi 65. Wengi hujaza hadi tairi liwe gumu kama jiwe, mwaka mzima, kwa kuamini kwamba upepo mwingi huzuia pancha. Kwenye njia kavu yenye mzigo mzito wako sahihi. Kwenye matope na kwenye kichanga, tairi gumu hugusa ardhi kwa eneo dogo na kuteleza au kuzama. Mpandaji asiye na mzigo apunguze hadi karibu na kiwango cha chini kilichoandikwa, lakini asishuke zaidi ya hapo. Tairi lililolegea kupita kiasi likigonga jiwe au ukingo wa daraja, tyubu hubanwa kati ya jiwe na rimu na kutoboka matundu mawili yaliyo sambamba, kama meno ya nyoka. Fundi akiyaona matundu hayo asitafute mwiba. Tatizo lilikuwa upepo. Anayebeba abiria au gunia aongeze upepo wa nyuma, hata masika, na la mbele aliache laini.

Miba ina msimu wake. Mbigili hukauka kiangazi na kutapakaa pembezoni mwa njia, na miba ya migunga haichagui mwezi. Tairi jipya lenye mpira mnene katikati husaidia kuliko dawa nyingine yoyote. Pancha ikitokea, kabla ya kurudisha tyubu yenye kiraka, ndani ya tairi papanguswe taratibu kwa kitambaa mzunguko mzima. Mwiba ulioachwa humaliza viraka vya nyumba nzima.

Yapo mambo ambayo hakuna tairi linaloyaweza. Madaraja ya magogo yaliyolowa ni mojawapo: meno hayana pa kuzama, na kinachoshika ni ulaini wa mpira peke yake. Magogo yaliyolazwa kukatiza njia yavukwe wima, bila kukata kona na bila kubana breki juu yake. Yaliyolazwa kufuata njia yana nyufa zinazomeza gurudumu. Hapo mtu ashuke. La pili ni mbuga yenyewe baada ya mvua kubwa. Mfinyanzi ukiwa katika hali ya ugali, si maji wala si mkavu, hunata kwenye kila tairi lililowahi kutengenezwa. Anayeijua njia hupita pembeni penye nyasi, au huibeba baiskeli begani, na hubeba kijiti cha kukwangulia. Kulazimisha kukanyaga hukata mnyororo na kupinda spoku, na hasara hiyo huzidi bei ya tairi.

Baada ya safari ya matope, baiskeli isuuzwe kwa maji kabla udongo haujakauka, hasa rimu na raba za breki, kwa kuwa mchanga uliobaki hapo husaga rimu kila breki inaposhikwa. Isianikwe juani kutwa. Jua hukausha mpira, na tairi lenye nyufa ubavuni, hata likiwa na kashata nzima, halifai kubeba mtu mwingine.

Mafundi baiskeli wako nje chini ya mti wakiwa na pampu yenye kipimo cha upepo. Kila aliyekuja na baiskeli anaombwa kwanza afute vumbi ubavuni mwa tairi, asome namba zile mbili na kuziandika, kisha apime nafasi kwa kidole mbele na nyuma. Wenye matairi vipara mbele watangulie.