Kamera Haioni Nyuma ya Tela



Mwaka jana nilivuta boti ya kazi kwa tela mpaka Ziwa Basotu, wilayani Hanang. Kamera ya nyuma ya gari ilinisaidia sana kulifikia tela wakati wa kulifunga. Lakini likishafungwa, kamera huonyesha tela lenyewe na pua ya boti tu. Nikawa narudi nyuma kuelekea majini, macho kwenye kioo chake. Mwenzangu akapiga kelele: mtoto alikuwa anateka maji nyuma ya tela!

Tangu siku hiyo nashuka kwanza kutazama, kisha namweka mtu ukingoni aniongoze. Nakwenda polepole, maana tela hupinda kinyume cha gari.

Ndugu wanafunzi, vyombo vipya vipokeeni, lakini msivikabidhi macho yenu.