MTU ANAYEUSOMA MTO

(Maandishi ya somo la redio. Mwalimu alisome kwanza kwa sauti, kisha wanafunzi walisome wenyewe kwa zamu.)

Natumaini mmekwisha kukaa, na daftari ziko tayari. Leo nataka tuzungumze habari za wanafunzi wenzenu, wale wa ngazi ya juu kabisa, wanaosomea maji na ardhi. Msiseme, "Hayo yatuhusu nini sisi?" Ngojeni mpaka mwisho.

Mtu akimaliza masomo ya kwanza ya chuo kikuu hupewa shahada. Akiendelea, husomea shahada ya uzamili, na baada ya hiyo, shahada ya uzamivu. Neno "uzamivu" limetoka katika neno "kuzama". Mzamivu ni mtu apigaye mbizi kutafuta kitu chini ya maji. Vivyo hivyo mwanafunzi huyu hatosheki na yaliyokwisha kuandikwa vitabuni. Hutafuta jambo lisilojulikana bado, hulipima, huliandika, na walimu wake humhoji mpaka waridhike.

Hapa nchini Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha idara ya elimu ya miamba mwaka 1974. Huko Arusha kipo chuo cha Nelson Mandela, kilichopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 2011, nacho kiliundwa hasa kwa ajili ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu.

Sasa turudi nyumbani Magu. Mto Simiyu mnaujua. Watoka mashariki, upande wa Serengeti, nao humwaga maji yake katika Ghuba ya Speke. Wakati wa kiangazi maji huwa haba. Wakati wa mvua huja kwa kishindo, yamejaa udongo. Nchi inayouletea mto huu maji ni zaidi ya kilomita za mraba 10,000. Ndiyo sababu mto waweza kufurika nanyi hamkuona hata wingu. Mvua imenyesha kwa wengine, maji yamekuja kwenu. Mwaka 2007 Mtanzania mmoja aliyekuwa akisomea uzamivu huko Ubelgiji alichapisha, pamoja na wenzake, hesabu za mtiririko wa mto huu huu wenu.

Hesabu hizo hufanywaje? Ukingoni husimamishwa ubao wenye namba, kama rula kubwa, uonyeshao kimo cha maji. Mwanafunzi hupima upana wa mto na kina chake. Kisha hutumbukiza chombo chenye pangaboi dogo. Maji yakienda mbio, pangaboi huzunguka mbio. Tuseme upana ni mita 20, kina ni mita 1, na maji huenda nusu mita kwa sekunde moja. Zidisheni: 20 mara 1 mara nusu. Jibu ni mita 10 za ujazo. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani madebe 50. Basi kila sekunde, yaani muda wa kutamka "mia na moja", madebe 500 yamepita mbele yenu.

Lakini mwanafunzi hawezi kukaa mtoni mwaka mzima. Yeye huja, hupima, hurudi chuoni. Anayebaki ni mwenyeji, mtu aliyepewa daftari na kalamu, ambaye kila siku huteremka ukingoni, husoma ubao, na kuandika tarehe na namba. Chuo kizima humtegemea mtu huyo.

Niliwahi kuonyeshwa daftari moja la namna hiyo, la mto mwingine. Kurasa zilikuwa safi, mstari kwa mstari, kisha siku 9 tupu. Nikauliza sababu. Mwenye daftari alikuwa amekwenda msibani, na siku hizo hizo mto ukafurika kuliko wakati wowote aliokumbuka jirani yake. Jirani alishuka mtoni kila asubuhi. Maji aliyaona, na ubao aliuona. Namba hakuweza kuzisoma. Akaniambia, "Mwalimu, niliyaona kwa macho yangu, lakini sikuwa na la kuandika." Mafuriko yale hayamo katika hesabu yoyote.

Je, ni hasara ndogo? Fikirini daraja la Simiyu, katika barabara ya Mwanza kwenda Musoma. Fundi ajengaye daraja lazima aulize, "Maji yalipojaa sana, yalifika wapi?" Asipopata namba, atakisia. Akikosea, mto ndio utakaomsahihisha, na watu wakiwa juu ya daraja.

Tazameni ziwa letu pia. Kimo chake kimekuwa kikiandikwa tangu miaka ya 1890. Kwa hiyo twajua kwa hakika, si kwa masimulizi, kwamba kati ya mwaka 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita 2. Maji yalipoingia tena katika nyumba na mashamba ya pwani mwaka 2020, wataalamu walifungua kumbukumbu za zamani na kulinganisha. Walioandika namba zile za kwanza wamekwisha kufa, lakini namba zao zafanya kazi mpaka leo.

Basi, ndugu zangu, mwanafunzi wa maji akifika kijijini kwenu na vyombo vyake, msimwone mgeni asiye na kazi. Mwonyesheni alama ya mafuriko ukutani na kisima kilichokauka. Mwambieni mwaka wake. Naye mwulizeni, "Ukimaliza, utatuletea majibu?" Hiyo ni haki yenu. Na mkiombwa mtu wa kushika daftari, msitazamane. Inueni mkono.

MASWALI YA DARASANI
1. Neno "uzamivu" limetoka katika neno gani?
2. Mto una upana wa mita 10 na kina cha mita 2. Maji huenda mita 1 kwa sekunde. Ni madebe mangapi hupita kwa sekunde moja?
3. Kwa nini jirani hakuandika kimo cha mafuriko?
4. Kesho asubuhi pima kwa kijiti kina cha maji ya kisima, lambo au jaluba lililo karibu nawe. Andika tarehe na namba. Fanya hivyo siku 7, bila kuruka hata moja.