Maradhi ya Kichwa Kikubwa kwa Watoto Wachanga

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Mwatate)



Twasimama kunena habari za mtoto ambaye mara nyingi hufichwa chumbani.

Ndani ya ubongo mna vyumba vidogo vyenye maji safi, yatengenezwayo na kufyonzwa kila siku; kwa mtu mzima ni kiasi cha nusu lita. Njia yake ikizibika, maji hujaa na kuukandamiza ubongo, na fuvu la mtoto, ambalo mifupa yake haijaungana, hupanuka. Hii si laana, wala si kosa la mama.

Wengine huzaliwa na kasoro ya njia hizo, au na mgongo wazi. Wengine huvuja damu ubongoni, hasa waliozaliwa kabla ya siku zao. Lakini adui mkubwa kwetu Afrika ya Mashariki ni maambukizo. Huko Mbale, Uganda, Daktari Benjamin Warf aliwachunguza watoto 300, na mwaka 2005 akaandika kwamba asilimia 60 yao waliugua kwa sababu hiyo, wengi wao katika mwezi wa kwanza wa maisha. Basi kitovu kisipakwe udongo wala samadi, na mtoto mchanga mwenye homa apelekwe hospitali siku ile ile.

Tiba ni upasuaji. Namna moja ni kutia mrija chini ya ngozi, upelekao maji kutoka kichwani hadi tumboni. Mrija waweza kuziba hata baada ya miaka. Mtoto akitapika au akisinzia kupita kiasi, arudishwe upesi. Namna ya pili, iliyoendelezwa Mbale, ni kutoboa njia mpya ndani ya ubongo na kuunguza sehemu itoayo maji. Haimfai kila mtoto, lakini ikimfaa hahitaji mrija.

Upasuaji haurudishi ubongo uliokwisha kuharibika. Kwa hiyo kichwa kipimwe kliniki kila mara. Kikikua mbio, utosi ukivimba, au macho yakielekea chini daima, msingoje. Anzeni hospitali ya hapa Mwatate, ili mwelekezwe Voi, na kutoka huko kwa mabingwa wa Mombasa, Nairobi au Kijabe.

Safari hiyo ni ndefu, na nauli huwashinda wengi. Twawaomba, ndugu, mzigo huo usiachwe juu ya mama peke yake. Kila wiki ya kutafuta nauli huipunguza akili ya mtoto.